Nani Kasema Nyumba ya Kupanga Haipambwi?

Ukitaka ndugu zako wakuone umeishiwa akili, waambie umeshona mapazia mapya na bado unakaa nyumba ya kupanga. Shangazi atakucheka. Kaka atauliza kiwanja kimefikia wapi. Na mjomba, ambaye boma lake kule Chanika limeishia kwenye lenta miaka nenda miaka rudi, atakupa lile jibu ambalo kila mpangaji wa Dar es Salaam amewahi kupewa: "Utapamba ukijenga kwako. Hapo unampambia mwenye nyumba."

Kauli hii husemwa kwa uzito wa wosia, ndiyo maana watu hawaihoji. Inasikika kama uwekevu, kama utu uzima. Anayeipinga anaonekana mfujaji asiyejua anakotoka wala anakokwenda. Basi na nionekane hivyo. Naiona ni kauli inayowafanya watu wenye kazi na akili zao timamu waishi miaka kumi na tano ndani ya chumba wasichokipenda, wakingojea nyumba ambayo baadhi yao hawataimaliza, na watakaoimaliza watakuta hawajui waifanyeje.

Twende kwanza kwenye hesabu, maana ndiko wanakojidai. Wanasema kila shilingi inayokwenda kwenye ukuta wa mwenzio ni tofali lililopotea kwenye kiwanja chako. Haya. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho wengi wetu ndicho tunachokaa, kina kuta za mita za mraba kama thelathini ukitoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba kumi hivi kwa mkono mmoja. Ukipiga mikono miwili unahitaji lita sita. Galoni mbili za lita nne zinatosha, na inabaki ya kufutia alama za vidole vya watoto. Galoni mbili za rangi ya kawaida ni bei ya mifuko michache ya saruji. Mfuko wa kilo 50 fundi anafyatua matofali thelathini hivi, akibania anafikisha arobaini. Nyumba ya vyumba vitatu inakula matofali elfu mbili na zaidi, hapo hujagusa nondo, bati, mbao wala milango. Kwa hiyo uliyeacha kupaka rangi chumba unacholala leo umeokoa pesa ya ukuta mmoja wa choo. Sijapata kumwona mtu aliyeshindwa kujenga kwa sababu ya galoni mbili za rangi.

Halafu ingia chumbani kwa huyo anayejibana kwa ajili ya tofali. Mara nyingi utaingia kiubavu. Sofa la kona limeziba nusu ya dirisha. Runinga ya inchi 55 iko hatua mbili kutoka usoni kwa mtazamaji. Kuna shoo-kesi yenye glasi ambazo hazijawahi kunywewa maji, friji, na kapeti la plastiki lililokatwa kwa mita likajikunja pembeni. Ukutani pana msumari na kalenda ya mwaka juzi. Balbu moja inaning'inia katikati ya dari. Ukijumlisha bei ya vitu vile, na riba ya mkopo wa sofa juu yake, unapata pesa ya kukipamba chumba kile mara kadhaa na chenji ikabaki. Mwenyewe atakuambia hajapamba, hali si nzuri. Ametumia, tena sana. Kilichokosekana ni jicho. Ndiyo maana sikubali mjadala huu ugeuzwe kuwa mjadala wa umaskini. Asiye na kitu kabisa hahitaji makala yangu wala ushauri wa mjomba, anahitaji kipato. Ninaowasema ni sisi wa katikati, tunaopata kidogo na kukitumia vibaya kwa jina la kesho.

Na hiyo kesho yenyewe tuitazame. Huku kwetu nyumba hujengwa kwa awamu. Kiwanja kwanza, baada ya miaka kadhaa msingi, kisha boma linapanda hadi lenta na hapo linasimama, linaota nyasi. Ada za shule zinapita, misiba inapita, halafu siku moja kodi inapandishwa na familia inaamua kuhamia hivyo hivyo: madirisha ya mabati, sakafu ya vumbi, tofali kavu bila lipu. Sasa wako kwao. Je, wanapamba? Wanangojea lipu. Lipu ikipigwa wanangojea skimu, skimu ikikauka wanangojea jipsamu, na jipsamu ikishapanda ati wapambeje kabla ya marumaru? Aliyezoea kungoja chumbani kwa mwenzake huendelea kungoja sebuleni kwake. Ile ni tabia, na tabia haibadilishwi na hati ya kiwanja.

Nairobi ndiyo kabisa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya kaya za mijini zinaishi nyumba za kupanga. Mtu wa Kayole ukimwambia apambe akijenga, mara nyingi unamwambia apambe huko ushago, kwenye nyumba atakayolala wiki mbili za Desemba. Miezi kumi na moja na nusu iliyobaki atazame saruji.

Vijana nao wana toleo lao la ngojangoja hii. Ingia geto la kijana yeyote mwenye ajira: godoro chini, spika kubwa kuliko godoro, nguo kwenye kamba iliyofungwa kutoka dirisha hadi mlango. Muulize, atakujibu, "Ngoja nioe." Mke ndiye atakayekuja na pazia. Na binti aliyepanga peke yake Sinza naye anaambiwa na mama yake asinunue vitu vingi, atavikuta kwa mume. Wawili hawa wakioana wanaungana kungojea kiwanja. Kuna watu wamefika miaka arobaini hawajawahi kuchagua rangi ya ukuta.

Linaloniuma zaidi ni watoto. Mtoto hana habari za lenta. Ameanza darasa la kwanza msingi ukichimbwa, anamaliza la saba boma halijaezekwa, na utoto wake wote umeishia kwenye kile chumba ambacho wazazi wake walimwambia hakihesabiki. Kuta alizoziona akijifunza kusoma ni zile zenye weusi wa mafuta ya vichwa pale watu wanapoegemea. Kila akiuliza mbona kwa kina fulani pazuri, anajibiwa "hapa si kwetu." Basi anajifunza kuishi kama abiria stendi, mzigo miguuni, asikae akatulia. Atakapokuwa mkubwa na kutupa takataka dirishani mwa daladala, tutashangaa amejifunzia wapi kutojali mahali alipo.

Watetezi wa kungoja hupenda kusema ndivyo wazee walivyotulea. Wazee gani? Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, ile yenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma, imekuwa na wapangaji tangu zamani, na katika korido ile kila mlango ulikuwa na pazia lake. Pazia lile halikuwa la mwenye nyumba. Mpangaji alilinunulia kitambaa, akalishona, akalifua, akalipiga pasi ya mkaa, na akihama alihama nalo. Ukipita koridoni ulijua mwenye chumba ni mtu wa namna gani kabla hujapiga hodi. Ndani, makochi ya mbao yalivikwa vitambaa vya kufuma, mgongoni na mikononi. Redio ilivikwa, hata stuli ilivikwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, maduka yalipokuwa matupu na sabuni ikipatikana kwa foleni, vitambaa hivyo vilikuwepo, vyeupe pe, vimetiwa wanga vikakakamaa. Uzi uliotafutwa kwa taabu ulipelekwa kwenye urembo, na wafumaji wengi walikuwa wamepanga.

Pwani na visiwani walikwenda mbali zaidi. Kawa, ule mfuniko wa chakula uliosukwa kwa ukindu wa rangi, ukishamaliza kufunika sinia ulitundikwa ukutani ukawa picha. Mkeka ulikung'utwa asubuhi ukakunjwa, wageni wakifika ukatandikwa. Jioni chetezo kilizungushwa, moshi wa udi au ubani ukaingia kwenye mapazia na mito. Kitandani zilimwagwa asmini. Harufu nayo ni pambo, na nashangaa wanaotoa ushauri wa mapambo siku hizi hawaitaji kabisa, wakati chumba kinachonuka unyevunyevu na mafuta ya jana ya kukaangia hakipendezi hata ukikitia nakshi za dhahabu. Kipande cha ubani kinauzwa kwa bei ya pipi. Mwenye nyumba hawezi kukizuia ukihama.

Kwa hiyo hii ya "utapamba ukijenga" si urithi wa kale. Imeingia pamoja na tamaa ya kila mtu kuwa na jumba lake mwenyewe lenye uzio, na imeingia kwa kasi hadi tumesahau kuwa bibi zetu waliishi chumba kimoja, cha kupanga, na mgeni akiingia alikuwa anavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Nampeleka msomaji Mbagala, kwenye chumba kimoja ninachokijua. Mwenyewe ni fundi cherehani, ana watoto wawili. Ni kile kile cha futi kumi kwa kumi, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Sofa hakuna. Kitanda kimesogezwa ukutani, kimetandikwa shuka la rangi moja na mito mitatu mirefu imeegemezwa nyuma, kwa hiyo mchana kitanda ndicho kochi. Mabegi na ndoo za nguo ziko uvunguni, na shuka limeachwa lishuke hadi chini lizifiche. Cherehani iko chini ya dirisha, panapoingia mwanga. Sakafu ni saruji nyekundu ya zamani, ameisugua kwa polishi ikang'aa, na juu yake pana mkeka.

Mito ile ameivika kanga, na hapo ndipo unapoona mkono wa fundi. Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati na jina chini. Watu wengi wakishona mto wa kanga hukata popote, pindo linaangukia mgongoni na jina linakatika katikati ya neno. Yeye amepima hadi ua la mji likakaa katikati ya uso wa mto, kisha pindo akalizungushia pembeni. Majina ameyakata peke yake, akayaunga kuwa utepe mmoja mrefu, akaushonea juu ya pazia. Ni misemo mitano inayofuatana bila kuhusiana: mmoja wa mahaba, mmoja wa kumsuta jirani, mmoja dua, miwili ya kujigamba. Nimeusoma utepe ule nikacheka peke yangu. Rangi za chumba kizima ni zile za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kikiletwa chombo cha kijani kinakwenda jikoni.

Pazia ni la mtumba, la soko la Karume, kipande kizito cha rangi ya maziwa ambacho bila shaka kilitoka hotelini Ulaya. Amelitundika juu karibu na dari, hakulitundika pale inapoishia fremu ya dirisha kama tunavyofanya wengi, na ameliacha lishuke mpaka sakafuni. Upana wake ni mara mbili ya dirisha, kwa hiyo hata likifungwa linabaki na mikunjo. Ukiingia unadhani pana dirisha kubwa. Mtu anayenunua mita mbili za kitambaa cha ghali zikabana dirisha bila mkunjo hata mmoja ametupa pesa. Mita sita za kitambaa cha bei ya chini zitampendezesha zaidi. Kioo cha kujitazamia kakiweka ukuta unaokabili dirisha, na kale kamwanga kadogo kanakopita kati ya nyumba mbili kanarudi tena ndani.

Sasa taa, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo tunapoharibu kwa uzembe mtupu. Chukua boksi la balbu ya LED dukani kwa Mangi. Pembeni utakuta pameandikwa 6500K. Namba hiyo ni rangi ya mwanga: kadiri inavyopanda ndivyo mwanga unavyozidi kuwa mweupe hadi kuelekea ubuluu. Mwanga wa 6500 unafaa duka la dawa na mahali pa kuhesabia pesa. Wa 2700 au 3000 ni wa manjano, unakaribia ule wa kandili na wa jua likizama, na ngozi nyeusi chini yake inang'aa badala ya kuwa na rangi ya jivu. Bei zake zinakaribiana. Muuzaji atakuambia "ya njano haiwaki vizuri," mwache aseme. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60, iwe nyeupe iwe ya manjano. Fundi wetu anazo mbili. Nyeupe iko juu ya cherehani, kwa kazi. Ya manjano iko kwenye kona, ndani ya kikapu cha milulu kilichogeuzwa juu chini, na mwanga wake unapita kwenye matundu ya msuko na kuchora mistari ukutani. (Usijaribu hivyo kwa balbu za zamani za waya, zile zinapata moto na kikapu kitaungua.) Saa ya kula ikifika anazima nyeupe na kuwasha ya kona. Watoto wenyewe hupunguza sauti.

Nilimuuliza swali la mjomba: huoni kama unampambia mwenye nyumba? Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa.

"Dada, kwani mwenye nyumba analala humu?"

Alihamia Mbagala akitokea Mtoni, na vyote nilivyovitaja viliingia kwenye guta moja, nafasi ikabaki ya mtoto kukaa juu ya magodoro. Rafiki yangu mmoja mwenye sofa la kona alipohama mwaka huo huo alikodi gari kubwa, sofa likagoma kupita mlango mpya, likakatwa mguu. Mpangaji mwerevu hupamba kwa vitu vinavyokunjika. Tena ndivyo walivyofanya watu wa ile korido ya zamani, ambao nao walikuwa wakihama.

Lipo kundi jingine, na hili linanichosha kuliko la mjomba. Hao wanakubali kupamba, ila kwao urembo ni kitu kinachoshushwa kutoka kwenye kontena. Bila karatasi za ukutani zenye picha ya matofali, bila taa za mkanda zinazobadilika rangi saba, bila maua ya plastiki ndani ya chupa ya dhahabu, wanaona bado hujapamba, na cha mkono wa mtu wanakiita ushamba. Sina ugomvi na wafanyabiashara wa Kariakoo, wanauza tunachotaka. Lakini ua la plastiki linapauka kwa jua na kushika vumbi la mafuta, na kwa mwaka mmoja linakuwa limefanana na kitu kilichookotwa kaburini.

Wakati huohuo, huko Usambara, kuna ua dogo la zambarau linalomea kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Leo limejaa kwenye vibaraza vya madirisha Ulaya na Marekani, na Wajerumani wanaliita kwa jina la Usambara hadi sasa. Halitaki jua kali, linataka mwanga wa pembeni, kwa hiyo limeumbwa kwa ajili ya chumba chenye dirisha moja. Huzaa miche kwa kuchomeka jani moja udongoni. Mzungu wa mjini Berlin anayekaa nyumba ya kupanga, na Berlin wengi wamepanga, ana ua la Tanga dirishani. Mtu wa Tanga ana plastiki mezani. Wa Lushoto, Arusha, Iringa na Nairobi hawana kisingizio. Ulizeni kwa wauza miche, na yale ya porini yaacheni porini, yamebaki machache. Dar joto huenda likalisumbua. Sisi tupande mshubiri kwenye galoni ya rangi iliyoisha, tuitoboe chini maji yatoke.

Wanaosema vya bei ndogo huonekana vya bei ndogo wamsikilize pia Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini, hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alichorea vipande vya mraba vya ubao wa dari, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na rangi hiyo ndiyo iliyompa ule mng'ao. Alifariki mwaka 1972. Picha zake na za wanafunzi wake zilinunuliwa na wageni pale Oysterbay, zikaenda kutundikwa Ulaya, Japani na Marekani. Nenda Oysterbay mwenyewe, uliza bei ya kipande kidogo kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Halafu ilinganishe na ya ile karatasi ya matofali ya uongo. Na kule Kirehe, mashariki ya Rwanda, akina mama wanatengeneza imigongo, nakshi za mistari ya pembe zilizoinuka ukutani, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Malighafi yake kuu ni samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Nitajieni cha bei ya chini kuliko hicho.

Nitakubaliana na wapinzani wangu kwenye mambo mawili. Mkeka wa ukindu ni ghali kuliko wa plastiki, na ni haki uwe ghali, maana mama aliyesuka ukili wake na kuushona ametumia wiki nyingi. Asiyeweza kuununua sasa aache sakafu wazi, aisugue ing'ae, aweke pesa kidogo kidogo. Na chumba kinachovuja, au kilichoko bondeni ambako maji huingia kila masika, hakianzi na pazia. Kinaanza na bati, na kama bati haliwezekani kinaanza na kutafuta chumba kingine. Kupamba juu ya unyevu ni kulisha kuvu.

Limebaki la mwenye nyumba, na hili silipuuzi. Wanasema akiona chumba kimependeza atapandisha kodi, au atakutoa amweke shemeji yake. Atapandisha. Mwenye nyumba wa Dar hupandisha barabara ikitiwa lami, mwendokasi ikisogea, mwanawe akichaguliwa chuo. Pazia lako halimo kwenye sababu zake. Wewe fanya hivi. Umelipa miezi sita mbele, pengine mwaka mzima, kwa hiyo una sauti. Kabla ya kupaka mwendee, mwambie, "Baba, kuta zimechoka, nataka kuzipaka kwa mkono wangu, ila gharama ya rangi tuikate kwenye kodi ijayo." Chagua nyeupe au rangi ya maziwa asipate la kulalamikia. Risiti mtumie kwa simu, na jibu lake la "sawa" usilifute. Ile balbu yake ya 6500 uliyoikuta ifunge kwenye gazeti, uiweke juu ya kabati. Siku ya kuhama irudishe kwenye holda yake, ziba matundu ya misumari kwa ile rangi iliyobaki, kisha shusha mapazia na bomba lake, kunja mkeka, teremsha makawa, chukua kioo, kikapu, mito na kopo la mshubiri, vyote kwenye guta. Kitakachobaki ni rangi ya ukutani, na hiyo alikwisha kuilipia yeye mwenyewe.